Kabla ya maboga: Halloween ilitoka wapi, na bibi wa Glasgow analilia nini

SWALI: Mimi ni Mchaga, Mkatoliki, naishi Glasgow na mume wangu na watoto wawili. Kila ifikapo mwisho wa Oktoba nabaki njia panda. Shuleni watoto wanachonga maboga na kushona mavazi ya kutisha, huku ndugu zangu wa Moshi wakinitumia ujumbe wa sauti kwamba hiyo ni sikukuu ya shetani, ya mungu wa mauti aitwaye Samhain. Jirani yangu, bibi wa Kiskoti mwenye umri mkubwa, naye haipendi Halloween ya sasa, ila kwa sababu nyingine: anasema wameiharibu. Enzi zake walichonga tanipu, ile mboga ya mizizi yenye umbo la mviringo, na hakuna mtoto aliyepewa kitu mlangoni bila kuimba kwanza. Ukweli uko wapi? Na hicho anachokililia huyo bibi ni kitu gani?

JIBU: Dada, kati ya wote wanaokushauri, bibi jirani ndiye aliyeshika penyewe. Nitafika kwake, lakini kwanza tumwondoe njiani huyo mungu wa mauti.

Samhain, ambayo hutamkwa "sauin", haikuwa jina la mungu. Ni jina la majira: mwisho wa kiangazi na mwanzo wa nusu ya giza ya mwaka, huko Ayalandi na Uskoti. Hadi leo katika Kiayalandi ndilo jina la mwezi wa Novemba, na watu wanaliandika kwenye tarehe za barua zao bila kumwabudu yeyote. Habari ya "Samhain, bwana wa mauti" ilitungwa na waandishi wa karne ya 18 waliopenda kukisia mambo ya kale bila kukijua vizuri Kiayalandi cha zamani. Waliowafuata wakanakili, wakanakili tena, na sasa inatembea kwenye simu.

Kilichokuwapo ni hiki. Kwa jamii ya wafugaji, tarehe 1 Novemba ilikuwa siku ya hesabu. Ng'ombe waliokuwa malishoni mlimani tangu Mei waliteremshwa nyumbani. Wale ambao majani makavu yasingetosha kuwavusha kwenye baridi walichinjwa, nyama ikatiwa chumvi. Wachungaji na wasichana wa kukamua, waliokuwa wametawanyika miezi yote hiyo, wakarudi. Hata karne nyingi baadaye, kodi za mashamba huko Ayalandi zililipwa mara mbili kwa mwaka, Mei mosi na Novemba mosi. Basi fikiria usiku ule: ukoo mzima uko chini ya paa moja, chakula ni kingi kuliko wakati mwingine wowote, na mbele yenu kuna miezi ya giza. Wewe mwenyewe umeshaona jua la Glasgow likizama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo sihitaji kukueleza giza hilo lilivyo.

Na kwa nini usiku wa tarehe 31? Waayalandi wa kale, kama watu wa pwani yetu, waliianza siku jua linapozama. Julius Caesar aliandika hivyo hivyo kuhusu Wagalli wa Ufaransa ya kale, kwamba huhesabu usiku kabla ya mchana. Anayejua kuwa usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa ameshaelewa: sikukuu ya Novemba mosi ilikuwa imeanza tangu magharibi ya jana yake.

Ulikuwa usiku wa hofu pia, na sitaificha hiyo hofu. Hadithi inayoionyesha vizuri ni ya Nera, iliyohifadhiwa katika miswada ya Ayalandi ya zama za kati. Mahali ni Rathcroghan, magharibi mwa nchi. Mfalme Ailill na malkia Medb wameketi na watu wao, chungu kiko motoni, na nje wananing'inia mateka wawili walionyongwa siku iliyotangulia. Mfalme anaahidi zawadi kwa atakayethubutu kutoka gizani akamfunge mmoja wao kitanzi cha fito mguuni. Nera anakwenda. Maiti inamwambia ina kiu, naye anaibeba mgongoni kuitafutia maji. Nyumba ya kwanza wanaikuta imezungukwa na moto, maana wenyewe huuhifadhi moto wao kila usiku; hapaingiliki. Ya pili imezungukwa na maji, maana humo watu hawalali na maji machafu ndani. Katika ya tatu wanakuta beseni za maji ya kuoshea na ndoo ya uchafu sakafuni. Hapo maiti inakunywa, na funda la mwisho inawatemea wenye nyumba usoni. Wanakufa wote. Msimulizi anaongeza onyo: si vizuri kulala na maji machafu ndani, wala na moto usiohifadhiwa.

Naipenda hadithi hii kwa sababu inatuonyesha wafu walikuwa wapi katika fikra za watu hao. Wanatembea usiku, wanatisha, ila neno la mwisho linabaki kwa nyumba: moto wake na maji yake vimetunzwaje, na nani anakaribishwa. Karibu kila desturi ya zamani ya Halloween niliyowahi kuisoma inatokea pale pale, kati ya jiko na mlango.

Sasa Kanisa. Tarehe 13 Mei mwaka 609 Papa Bonifasi IV aliliweka wakfu hekalu la Pantheon huko Roma kwa heshima ya Bikira Maria na mashahidi wote. Karne iliyofuata Papa Gregori III alitenga kikanisa ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro kwa ajili ya watakatifu wote, na mwaka 835, wakati wa Gregori IV, sikukuu ya Novemba mosi ikaenezwa katika milki yote ya Wafranki, waliotawala sehemu kubwa ya Ulaya magharibi. Husemwa sana kwamba tarehe hiyo ilichaguliwa makusudi ili kuifunika Samhain. Mimi sikubaliani, na sababu yangu ni nyepesi: kalenda za watakatifu zilizoandikwa Ayalandi kwenyewe, karibu mwaka 800, ziliweka sikukuu ya watakatifu wote mwezi wa Aprili. Tarehe ya Novemba ilitoka upande wa Wafranki na Waingereza. Sikukuu mbili zilikutana njiani. Baadaye kidogo, karibu mwaka 1000, abate Odilo wa monasteri ya Cluny, Ufaransa, alianzisha tarehe 2 Novemba kwa ajili ya kuwaombea marehemu wote.

Siku hizo mbili unazijua tangu utoto. Ni zile mlizopalilia makaburi na padri akapita kuyabariki. Jina Halloween maana yake ni mkesha wa sikukuu hiyo hiyo uliyokulia nayo parokiani. Waambie hivyo ndugu zako wa Moshi, na kama wapo Walutheri wa KKKT miongoni mwao, wakumbushe pia kwa nini Sikukuu ya Matengenezo huangukia tarehe 31 Oktoba. Martin Luther alituma barua yake pamoja na zile hoja 95 siku hiyo, mwaka 1517, mkesha wa Watakatifu Wote, na hoja zenyewe zilihusu vyeti vya rehema vilivyouzwa kwa ajili ya walio hai na hata kwa roho zilizoko toharani. Wafu na jinsi ya kuwasaidia ndilo jambo lililokuwa vichwani mwa watu msimu huo.

Kutokana na sala hizo kwa marehemu ndipo tunapata desturi iliyo karibu zaidi na ile ya watoto kubisha hodi. Katika vijiji vya Uingereza, hasa Cheshire na Shropshire, maskini na watoto walipita nyumba hadi nyumba wakiimba na kuomba keki ndogo za mviringo zenye viungo, zilizoitwa keki za roho. Anayepewa keki alitakiwa kuwaombea marehemu wa nyumba ile. Shakespeare, katika mojawapo ya tamthilia zake za mwanzo, anamtaja mtu anayeongea kwa kulialia "kama ombaomba siku ya Watakatifu Wote", na watazamaji wake wa London walijua mara moja anazungumzia nini. Iangalie biashara iliyopo hapo: mwenye nyumba anatoa chakula, mgeni anatoa sala. Hakuna anayeondoka akiwa mdaiwa.

Uskoti ilipogeuka kuwa ya Kiprotestanti mwaka 1560, sala kwa marehemu ziliondolewa. Mwendo wa mlango kwa mlango haukufa. Nionavyo mimi, kilichobadilika ni malipo: penye sala pakaja wimbo, shairi, kitendawili, ngoma ya dakika moja. Hiyo ndiyo Waskoti huiita guising, na ndiyo bibi yako anayoililia. Watoto walivaa makoti ya baba zao, wakayageuza nje ndani, wakajipaka masizi usoni ili majirani wasiwatambue. Wakibisha, wanaingizwa ndani hadi jikoni, maana baridi ni kali na onyesho halifanyiki kizingitini. Mwenye nyumba anakaa kwenye kiti chake, anasubiri. Anayesahau maneno anarudia tangu mwanzo. Kisha ndipo yanapotoka matufaha, njugu na sarafu chache. Mtoto wa miaka sita aliyesimama mbele ya watu wazima akaimba beti tatu bila kulia alikuwa amefanya kazi, na alichobeba kurudi nacho kilikuwa ujira wake.

Taa zilikuwa za tanipu. Kule maboga hayakuwa mboga ya kawaida. Tanipu zilikuwa chakula cha ng'ombe na cha watu, zimejaa mashambani mwezi huo wa Oktoba. Unakata kofia ya juu, unakwangua ndani kwa kijiko cha chuma mpaka kiganja kinauma, unatoboa macho na meno. Makumbusho ya Taifa ya Ayalandi, kwenye tawi lake la maisha ya kijijini huko Mayo, yana umbo la plasta lililochukuliwa kwenye taa halisi ya tanipu kutoka Fintown, Donegal. Ukiliona hutalisahau: dogo, limesinyaa kama uso wa mzee, macho yamefinywa, meno machache. Boga la dukani, hata likichongwa na fundi, linaonekana limeshiba mno likiwekwa karibu na hilo.

Na ndani ya nyumba je? Hapo shahidi wetu mkubwa ni Robert Burns, mshairi wa Uskoti, mtoto wa mkulima kutoka Ayrshire, si mbali na unapoishi. Shairi lake refu kuhusu usiku huu alilitunga mwaka 1785, likachapishwa mwaka uliofuata mjini Kilmarnock, na akaliwekea maelezo yake mwenyewe kwa ajili ya wasomaji wasiojua mambo ya shamba. Karibu yote yanahusu swali moja lililowakera vijana wa huko kama linavyowakera wa kwetu: nitaolewa na nani, nitamwoa nani?

Vijana walikwenda bustanini wawili wawili, wameshikana mikono na kufumba macho, kila mmoja akang'oa shina la kwanza aliloligusa la mboga ya jamii ya sukuma wiki. Shina lililonyooka lilimaanisha mwenzi aliyenyooka; fupi na lililopinda, vivyo hivyo. Udongo mwingi ukiganda mizizini, mahari itakuwa nono. Wakaonja moyo wa shina: mtamu au mchungu, hiyo ndiyo tabia ya mwenzi. Mashina yakawekwa juu ya mlango, na jina la mtu aliyepita chini yake likawa jibu. Wengine waliweka njugu mbili kwenye makaa, moja ya kijana na moja ya msichana. Zikiungua kwa utulivu pamoja, ndoa itatulia. Moja ikiruka, basi. Au bakuli tatu sakafuni, moja la maji safi, moja la maji machafu, moja tupu, na mtu aliyefungwa macho anachovya mkono wa kushoto. Safi, ataoa mwanamwali. Machafu, mjane. Tupu, atabaki mseja. Unafanya mara tatu, na kila mara bakuli zinahamishwa.

Ayalandi walikuwa na mkate wa matunda makavu uitwao barmbrack, wenye pete ndani yake. Mkate ulikatwa mezani na kila mtu akala kipande chake kwa uangalifu. Pete ilikuwa ndoa kabla mwaka kuisha, sarafu utajiri, kitambaa umaskini. Pete iliweza kufichwa pia kwenye viazi vilivyopondwa pamoja na mboga za majani na siagi, chakula ambacho Mkenya angekiona akakiita mukimo. Mchoraji Daniel Maclise alihudhuria sherehe ya namna hiyo huko Blarney, karibu na mji wa Cork, mwaka 1832, na mwaka uliofuata akaonyesha London picha yake kubwa ya usiku huo: wazee, watoto, wapiga muziki, wachumba, wote katika chumba kimoja, na tufaha linaloning'inia kwa kamba ambalo watu wanalirukia kwa meno. Uskoti waliongeza skonzi zilizopakwa asali nyeusi ya miwa, zikaning'inizwa, uzile bila kugusa kwa mkono. Mwulize bibi kama aliwahi; nina hakika atacheka kabla hajakujibu.

Kitu kimoja katika sikukuu hii siwezi kukisifia, nacho ni mchawi mwenye kofia ndefu. Ana damu nyuma yake. Mwaka 1590 mahakama za Uskoti zilidai kwamba usiku wa Halloween wachawi walikutana kanisani North Berwick, mashariki mwa Edinburgh, kupanga kumwangamiza mfalme James VI. Agnes Sampson, mkunga na mganga, aliteswa mpaka akakiri, akanyongwa na mwili wake ukachomwa mwanzoni mwa 1591. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh wameorodhesha watu 3,837 walioshtakiwa kwa uchawi Uskoti kati ya 1563 na 1736, walio wengi wakiwa wanawake. Machi 2022 kiongozi wa serikali ya Uskoti aliomba radhi hadharani. Sisi tunaotoka nchi ambako vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu hatuna haja ya kuelezwa maana yake. Mimi binafsi nisingemvisha binti yangu vazi hilo, na sababu haihusiani na mashetani.

Marekani nitaipita haraka. Njaa kuu ya viazi ya 1845 hadi 1852 iliua Waayalandi karibu milioni moja, na wengine milioni moja au zaidi wakahama. Huko ng'ambo walikuta boga, kubwa, laini, rahisi kuchonga, na tanipu ikasahaulika. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilivuma kadi za posta za Halloween, nyingi zikichapishwa Ujerumani, zenye paka, mwezi na watoto wenye mashavu mekundu. Wakusanyaji wanazitafuta hadi leo kwa uzuri wake. Vijana wa mijini wakazidisha utundu, wakavunja mageti na kupindua mikokoteni, na maneno ya kumwambia mwenye nyumba achague kati ya peremende na kufanyiwa utundu yakaanza kuonekana magazetini, kwanza Kanada, mwaka 1917. Mgao wa sukari ulipokwisha Marekani mwaka 1947, viwanda vya peremende vikaingia kwa nguvu. Tangu hapo mtoto hadaiwi wimbo tena. Anafungua mfuko tu, na hapo ndipo bibi wako anaposema imeharibika. Nakubaliana naye kabisa.

Umeniuliza ukweli uko wapi, na najua nyuma yake kuna swali la kama uwaruhusu watoto. Uamuzi ni wako na baba yao. Ningekuwa mimi ningewaruhusu, kwa namna ya bibi. Glasgow bado ni mahali ambapo watu wengi wanatarajia mtoto afanye kitu kabla ya kupewa, kwa hiyo hawataonekana wa ajabu. Wafundishe vitendawili viwili vitatu vya kwetu kwa Kiingereza, wakianza kwa kuwafundisha wenye nyumba kujibu "tega". "Nyumba yangu haina mlango" inatosha kumshinda mtu mzima wa Kiskoti, hasa akiwa amesimama mlangoni, na jibu lake, yai, litakuwa la mwisho kumjia akilini. Wapeleke kwa bibi kwanza, waingie ndani, na mwombe awafundishe wimbo aliouimba yeye.

Kwa taa, nunua ile tanipu kubwa yenye zambarau nje na manjano ndani, ambayo Waingereza huiita swede, na uchague inayokaa wima bila kuyumba. Kata kofia, chora mistari ya kupishana ndani kwa kisu kifupi, kisha kwangua kwa kijiko cha chuma. Acha ukuta wa unene wa kidole. Kazi ya kisu ifanye wewe, kukwangua waachie watoto. Kofia itoboe katikati ili moshi utoke, maana mshumaa ukiwaka humo harufu yake ni kali. Kwa taa ya kubebwa mkononi tumia balbu ndogo ya betri, kwani mavazi ya dukani ni ya nailoni na hushika moto upesi. Ulichokwangua usikitupe: kichemshe pamoja na viazi, ponda kwa siagi na pilipili manga, na ukitaka kuficha pete humo, ifunge kwanza kwenye karatasi ya kuokea, kipande kikubwa cha kuonekana, asije mdogo akaimeza.